Hati Ikisoma Jina la Mwanao, Wewe ni Mgeni Wake

Safu ya Hakimu Mstaafu: maswali ya waliokula chumvi kuhusu nyumba, shamba, pensheni na wosia

Kabla sijafungua bahasha za mwezi huu nina ombi moja. Msinitumie hati halisi. Mzee mmoja alinitumia hati ya nyumba yake, ile yenyewe yenye muhuri, kwa basi, imekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya gazeti. Sikulala vizuri mpaka nilipoirudisha mkononi mwake. Nitumieni kivuli, kinatosha. Hati halisi ikae panapofungwa kwa ufunguo, na ufunguo usikae na mtu anayeitamani nyumba.

SWALI: Hakimu, habari za leo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 74, mke wangu 69. Tuna nyumba moja hapa Morogoro, tuliyoijenga kidogo kidogo tangu 1991, tukaja kuiezeka nilipolipwa kiinua mgongo. Watoto ni wanne. Wa kwanza yuko Dar es Salaam na mambo yake si mabaya. Anataka hati isome jina lake, eti tukifa kusiwe na mlolongo wa mirathi, na anasema yeye ndiye anayelipa kila kitu hapa hadi umeme. Mke wangu hataki, lakini hasemi sababu. Fomu zimeshaletwa. Nisaini?
*Mwalimu, Kihonda*

JIBU: Mwalimu, usisaini.

Naanza na mama, maana umeandika "hasemi sababu" kana kwamba anadaiwa. Hadaiwi. Hiyo ni nyumba ya ndoa, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenye jina kwenye hati kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Bila kauli ya mama hizo fomu ni za kufungia vitumbua. Nami nahisi sababu anayo, tena anaijua vizuri. Anaogopa tu kukutonesha kwa habari ya mtoto wako wa kwanza.

Siku hati itakaposoma jina la kijana, nyumba ni ya kijana. Utakaa humo kwa hisani yake. Akiiweka dhamana benki na akashindwa marejesho, dalali hatakuuliza ulifyatua matofali mangapi. Akikosana na mkewe hadi ndoa ikavunjika, nyumba yako itatajwa kwenye mgawanyo wa mali zao. Halafu kuna lile ambalo hakuna mzazi anayetaka kulitamka: akitangulia yeye je?

Nililiona hilo nikiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo wilayani Kilosa. Mzee mmoja alimwandikisha mwanawe kiwanja na nyumba kwa sababu hizo hizo za kukwepa mlolongo. Miaka mitatu baadaye kijana akafa kwa ajali. Mkamwana akafungua mirathi, na nyumba ikawa ya kwanza kwenye orodha ya mali za marehemu, kama ilivyopasa, maana ilikuwa yake. Mzee alikuja mahakamani na funguo za nyumba mkononi. Alizishika mwanzo hadi mwisho wa shauri, hakuziweka mfukoni hata alipopanda kizimbani kula kiapo, kana kwamba zilikuwa kielelezo. Sikuwa na la kumsaidia. Yule mama na wanawe ndio waliokuwa warithi, na hawakuwa wabaya. Walikubali abaki kwenye chumba cha nje. Kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, alipangiwa chumba cha nje.

Sasa, huo mlolongo anaouogopa kijana si uzushi, nakubaliana naye. Ila dawa yake ipo, tena haipiti kwake. Nendeni wewe na mama ofisi ya ardhi, hati isome majina yenu wawili kwa umiliki wa pamoja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inawapa mume na mke nafasi hiyo: mmoja akifariki, sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki. Aliyebaki anapeleka cheti cha kifo kwa Msajili wa Hati, jina linarekebishwa. Muwe waangalifu na maneno kwenye fomu, kwa sababu kuna aina nyingine, ya hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake na fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Mwambieni ofisa wazi mnataka ipi, msimwachie akisie.

Baada ya hapo kila mmoja wenu aandike wosia wake. Wosia haumpi mtu kitu leo. Unafanya kazi siku umefumba macho, na kabla ya siku hiyo unaweza kuuchana na kuandika mwingine hata mara kumi. Hati ukishaihamisha haina kuchana.

Kama kijana anataka tu wepesi wa kufuatilia kodi ya pango la ardhi na mambo ya ofisini, mwandikie hati ya uwakilishi. Iandikwe na wakili, itaje jambo moja moja analoruhusiwa kufanya, na iseme bayana kwamba kuuza na kuweka rehani hakumo. Ukifa, nguvu yake inakufa siku hiyo hiyo. Wengi hawalijui hili. Nimeshaona watu wakienda benki na karatasi ya uwakilishi ya marehemu na kushangaa wanapofukuzwa.

Kuhusu umeme: kulipa LUKU ni kulea wazazi. Hata kodi ya jengo inayokatwa humo kwenye LUKU tangu 2021 haimpi mlipaji umiliki, vinginevyo wapangaji wote wa Kihonda wangekuwa wenye nyumba. Ila kama kweli ametumia fedha nyingi, kwa mfano aliweka bati jipya au alichimba kisima, usimdhulumu. Andika kwenye wosia kwamba fungu lake litazidi kwa sababu hiyo, na utaje sababu, ili wadogo zake waisome kwa mwandiko wako badala ya kusikia kutoka kinywani mwake.

SWALI: Shikamoo bibi hakimu. Mimi ni mjane, miaka 63. Mume wangu alifariki 2020. Shemeji yangu alichaguliwa na kikao cha ukoo, akaenda mahakama ya mwanzo akateuliwa msimamizi wa mirathi. Mpaka leo hajagawa kitu. Kuna nyumba tunayoishi, shamba ekari sita na pikipiki mbili za biashara. Pikipiki anakusanya hesabu yeye. Mwaka jana ameuza ekari mbili. Nikimuuliza anasema: "Mahakamani nimeandikwa mimi." Watoto wangu wanasema niache, ni aibu kumshitaki ndugu wa baba yao.
*Mama wa Watano, Dumila*

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kuandikwa mahakamani ameandikwa, sikatai. Kaandikwa kama mtumishi. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi kinachobaki, kisha kurudi mahakamani kueleza alichofanya. Akimaliza, kazi imekwisha. Asipokuwa mrithi, hata sahani moja humo si yake.

Mahakama ya mwanzo inampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe awe amewasilisha orodha kamili ya mali na madeni. Hiyo ni Fomu Namba 5. Baadaye analeta hesabu ya mgawanyo, Fomu Namba 6. Ile anayotamba nayo mtaani ni Namba 4, ya uteuzi, na watu wengi huishia hapo kwa sababu ndiyo inayofungua milango ya benki. Mimi nilipokuwa kazini nilikuwa na tabia ya kumwambia kila msimamizi, "Namba 4 nakupa mimi, Namba 5 na 6 unanipa wewe." Walicheka, wakaondoka, na nusu yao sikuwaona tena mpaka wajane walipokuja kama wewe.

Ufanye hivi. Tafuta namba ya shauri la mirathi. Kama huna, nenda mahakama ile ile na jina la marehemu na mwaka, karani atafungua rejista. Omba kuona jalada. Wewe ni mrithi au walau mtu mwenye maslahi, si mdukuzi. Angalia kama Fomu Namba 5 imo na kama ekari zote sita zimeandikwa. Nimeona majalada ambayo shamba la ekari sita limeandikwa ekari nne, kwa kalamu iliyotulia kabisa. Kisha andika barua kwa hakimu, hata kwa mkono, ukiomba msimamizi aitwe atoe hesabu: hesabu za pikipiki mwezi kwa mwezi, na bei ya ekari mbili na fedha ilikokwenda. Akishindwa kueleza, mahakama inaweza kumwondoa na kuteua mwingine, na hasara aliyoisababisha ataifidia mwenyewe. Wewe mwenyewe unaweza kuomba kuteuliwa. Hakuna sheria inayosema msimamizi awe mwanamume wa ukoo.

Hukunitajia marehemu alifuata utaratibu gani, na hapo mambo yanagawanyika. Kama alikuwa Mwislamu na alifuata dini yake, fungu lako lipo wazi: ameacha watoto, hivyo thumni, moja ya nane, ni yako, na hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuigusa. Kama ni mila, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963, lililoandika sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linamnyima mjane urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo, na kumwambia atatunzwa na wanawe. Tangazo hilo limepigiwa kelele mahakamani na nje ya nchi, na mimi ni mmoja wa wanaolipigia, lakini bado linatumika. Kwa hiyo ngome yako ni nyingine: kile ulichochuma pamoja na mumeo. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Ile ilikuwa kesi ya talaka, lakini jasho halibadiliki kwa sababu mume amekufa badala ya kukuacha. Mweleze hakimu shamba lilinunuliwa lini, nani alipalilia, nani aliuza mahindi hadi pikipiki ya kwanza ikapatikana.

Aibu wanayoisema watoto ni ya aliyeuza ekari mbili. Humshitaki, unamwomba hesabu. Na kama nauli na barua vinakushinda, ulizia kwa mtendaji wa kata wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hupaswi kuwalipa.

SWALI: Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilikopa laki tatu kwa mtu anayekopesha mtaani, mwanangu alipolazwa. Alichukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi pensheni ikiingia anatoa yeye, ananipa elfu arobaini nibaki nayo. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Nikimuuliza deni limebaki kiasi gani, ananijibu riba inaendelea.
*Sista, Turiani*

JIBU: Sista, kesho asubuhi benki ikifunguliwa uwe mlangoni. Beba kitambulisho cha taifa. Sema kadi yako iko mikononi mwa mtu mwingine na namba ya siri anaijua, unataka ifungwe sasa hivi na upewe nyingine. Usione haya, wahudumu wa benki wameshakutana na wakopeshaji wa kausha damu wengi kuliko mimi. Kadi ni mali ya benki na hukuwa na haki ya kuiweka rehani, naye hakuwa na haki ya kuipokea. Namba mpya ya siri usimwambie mtu, hata mjukuu anayekusomea ujumbe wa simu.

Deni halifutiki kwa kufunga kadi. Lakini sasa mtazungumza wewe ukiwa umesimama. Omba benki taarifa ya akaunti ya miezi kumi na mmoja, keti na mtu anayejua hesabu, jumlisha alichotoa, ondoa zile arobaini arobaini alizokupa. Nina hakika laki tatu ilikwisha zamani. Mwombe akuonyeshe leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe nayo, na Benki Kuu ndiyo msimamizi wa jambo hilo. Akikutisha, nenda polisi. Wengi wao, wakiulizwa leseni, sauti hushuka.

Na hili nawaambia wote, ingawa Sista hakuuliza: mstaafu akifariki, mfuko wa pensheni uarifiwe mara moja. Familia inayoendelea kutoa pensheni ya marehemu kwa kadi yake inajitengenezea deni, hata kama fedha zilinunulia sanda. Hali kadhalika salio lililomo kwenye simu yake: tangu anapokata roho ni mali ya mirathi, aijuaye namba ya siri na asiyeijua wote sawa. Kikokotoo cha mafao ya wastaafu sikigusi leo. Nikianza, sitamaliza ukurasa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina miaka 81, nipo Bagamoyo. Nina watoto watatu: wanaume wawili, mmoja yuko Muscat na mwingine Dar es Salaam, na binti mmoja ambaye ndiye anayenipikia, ananifulia, ananishika mkono kwenda msikitini. Nyumba ni moja na minazi kama sitini. Nataka niandike wasia kila kitu apate huyu binti. Wanaume wana maisha yao.
*Mzee wa Minazi*

JIBU: Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu.

Wasia huo hautasimama, na ni heri nikwambie mimi leo kuliko watoto wako waje waambiwe mahakamani. Katika sharia, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na hiyo theluthi yenyewe haiendi kwa mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia. Binti yako ni mrithi tayari. Ukifa leo, mali baada ya madeni na mazishi itagawanywa mafungu matano kwa watoto wako hao, ikiwa huna mke aliye hai: kila mwanamume mafungu mawili, yeye moja. Kumwongezea kwa wasia ni lazima kaka zake wakubali, na mtu wa Muscat hukubali kila kitu kwenye simu hadi siku anapotua.

Mlango uliopo ni hiba, zawadi unayotoa ungali hai na akili zako na afya yako. Ina mambo matatu: wewe useme umetoa, yeye aseme amepokea, na akabidhiwe kweli. Hilo la tatu ndilo linaloangusha hiba nyingi. Mtu anasema "minazi hii nimempa binti yangu", kisha kila mwangusho fedha za nazi anapokea yeye. Hapo hakuna hiba. Ukimpa minazi, mwite mkwezi mbele ya mashahidi, mwambie kuanzia leo hesabu ampelekee binti. Andikeni, mweke tarehe, majirani wa mpaka wasaini. Usisubiri mpaka ulale kitandani, kwa sababu zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na tunarudi kule kule kwenye theluthi.

Ushauri wangu, na huu ni wangu wa kibinadamu tu: mpe minazi, nyumba usiitoe. Minazi inamlisha leo. Nyumba ukiitoa yote, nimeshamweleza mwalimu wa Kihonda hapo juu. Pengine mpe vile vyumba vya uani ukiona vinagawika. Na kabla hujafanya lolote, onana na sheikh unayemwamini kuhusu kufanya uadilifu baina ya watoto, kisha wapigie simu hao wawili wewe mwenyewe. Waambie nani anakuosha miguu. Huenda wakaridhia bila wewe kuandika kitu.

SWALI: Hakimu, nakuandikia nikijua wewe ni mtu wa kwetu. Nipo Bukoba vijijini, nina miaka 77, sikujaaliwa mtoto. Baba aliniachia kibanja kwa maandishi, chenye migomba na mibuni. Nguvu zimeisha na nataka kuuza sehemu nipate matibabu. Watoto wa kaka yangu wanasema mwanamke hauzi kibanja cha ukoo. Pia nataka kitakachobaki nimwachie msichana anayekaa na mimi, ambaye si wa ukoo.
*Maa Mkulu*

JIBU: Maa, umenirudisha nyumbani.

Kesi yako ilishaamuliwa, tena kwetu. Holaria Pastory alirithi kibanja kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila wa kumtunza, akakiuza 1988 kwa shilingi laki tatu. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi kusema mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na Katiba; mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Nilikuwa hakimu kijana. Nakala ya hukumu ilitufikia imefifia, nikaisoma nimesimama mlangoni kwenye mwanga. Wapwa zako hao wakisema tena, wape jina hilo: Holaria Pastory.

Ila uuzaji wa ardhi ya kijiji haufanyiki sebuleni. Mpitie halmashauri ya kijiji iridhie, mipaka ipimwe mbele ya majirani, muhtasari uandikwe na nakala ubaki nayo. Anayenunua akikataa kupita huko, huyo anataka kukuletea balaa. Wakikufungulia mgogoro, baraza la kata tangu 2021 ni la kusuluhisha tu. Uamuzi unatolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu msichana, andika wosia, na uandike vizuri. Hapa nina hadithi ambayo sijawahi kuichapisha.

Baba yangu alifariki 1986. Aliniachia sehemu ya chini ya kibanja, karibu na kijito, yenye mibuni ya zamani. Aliandika kwenye daftari la shule la mdogo wangu, ukurasa wa katikati, mwandiko wake ule wa kulala. Aliandika kwa penseli. Shahidi alikuwa mmoja, rafiki yake wa pombe ya ndizi, Mungu amrehemu. Kwenye kikao cha ukoo daftari likazungushwa, likafika kwa baba yangu mdogo. Akalamba kidole, akasugua neno moja, likafutika. Akanionyesha kidole chake cheusi, hakusema kitu. Nami nilikuwa hakimu, nimesomea chuoni kwamba wosia wa kimila unaandikwa kwa wino na si kwa kalamu ya risasi, nimewaambia watu mia. Baba yangu mwenyewe sikumwambia. Sehemu ya kijito sikuipata.

Basi, Maa: wino. Tarehe. Sema una akili timamu. Kama unajua kusoma na kuandika, mila inataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hujui, wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, nawe uweke dole gumba la kulia. Msichana mwenyewe asiwe shahidi. Na kama kuna mrithi wa ukoo unayemnyima kwa makusudi, mila inataka umtaje na useme kosa lake, kama kukutelekeza katika njaa au ugonjwa. Kumnyamazia tu hakutoshi. Hivyo wataje hao wapwa kwa majina, useme siku ulipolazwa nani alikuja na nani hakuja. Tafuta shahidi wa ukoo sasa, angali yupo mmoja anayekupenda. Kwenye ukoo wetu daima yupo mmoja.

Majibu mafupi

*Aliyeuliza wosia auweke wapi:* si chini ya godoro, wala kwa mtoto mmoja kwa siri. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika wosia na kuutunza kwa ada, wakili pia anautunza, na wengine huuacha benki au kwa kiongozi wa dini. Popote utakapouweka, watu wawili wajue ulipo, hata kama hawajui kilichomo.

*Mama wa maharage, Gairo:* ndiyo, wanaokudai na unaowadai wote waandikwe kwenye wosia, jina, kiasi na tarehe. Hisa za VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, pia. Kijitabu chako cha kikundi kikae pamoja na wosia.

*Aliyeandika kwamba baba yake ameanza kusahau na anataka kumsainisha sasa hivi:* umechelewa, na ukilazimisha unajichimbia shimo. Asiyejua anachosaini hajasaini. Mpeleke kwa daktari kwanza. Ikithibitika akili imepungua, mahakama ndiyo inayoteua wa kumsimamia mali.

*Mzee wa baiskeli, Mvomero:* ndiyo, baiskeli inaandikwa kwenye wosia, kwa nini isiandikwe? Ila umesema unazo mbili, na zote nyeusi. Pindua ile unayomwachia mjukuu, utaona namba imegongwa chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapokutana. Andika hiyo.